Pedi za breki za pikapu: zipi ununue kama unafunga mwenyewe

Nilikuwa nashuka mlima Nyang'oro nikitokea Mafinga, mbao zimejaa nyuma. Katikati ya mteremko nakanyaga breki, pedali ngumu kama jiwe na gari haliitiki. Harufu ya kuungua ikaingia mpaka ndani. Gia ya pili ndiyo iliyonifikisha Mtera. Zile pedi zilikuwa na wiki tatu tu. Nilizinunua kwa sababu dukani hakukuwa na za bei rahisi kuliko hizo.

Tangu siku hiyo, kwa pikapu ya mzigo naanza na semi-metaliki ya kampuni inayojulikana. Ina nyuzi na unga wa chuma ndani, kwa hiyo inastahimili joto. Ndiyo, asubuhi italia, na diski italika mapema kidogo. Kwa anayebeba magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa hilo si la kubishania.

Ya pili ni jenyuini, yaani ya kampuni iliyotengeneza gari lenyewe. Ningeitanguliza kama ningekuwa na hakika na boksi, lakini boksi zuri siku hizi hata feki inalo.

Ya tatu seramiki: kimya, vumbi kidogo kwenye rimu, bei juu. Inamfaa anayezunguka kati ya Area C na Mji wa Serikali Mtumba na begi la laptopu. Akikwambia muuzaji kwamba ndiyo bora kwa kila kazi, muulize kama amewahi kushuka mlima na tani moja.

Oganiki, zile laini za bei ya chini, ziache. Zikichemka zinapoteza mshiko, na mimi nimeshakuonjea.

Boksi lisikudanganye, itoe pedi uisome. Kwenye pedi nyingi, mwisho wa maandishi ya mgongoni au ubavuni pana herufi mbili. Ya kwanza ni mshiko katika joto la kawaida, ya pili ni mshiko ikishachemka. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G inafika 0.55. Ukiona FE, ujue inalegea ikipata moto. Mimi natafuta FF. Zangu za Nyang'oro hazikuwa na herufi yoyote. Na nenda dukani na pedi kuukuu mkononi, maana Hilux za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski.

Kufunga si kazi ngumu. Weka mawe kwenye matairi ya nyuma, piga jeki, kisha stendi. Usiingize mkono gari likiwa juu ya jeki peke yake. Tairi la mbele likishatoka, Hilux 4x4 nyingi huchomoi kalipa: toa pini mbili, pedi zinatoka. Fungua kifuniko cha mafuta ya breki kabla ya kurudisha pistoni za kalipa ndani, uangalie yasifurike, yanabandua rangi. Vumbi la pedi usilipulize, la zamani linaweza kuwa na asbesto, lilowanishe ufute. Badilisha kulia na kushoto pamoja.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka ishike. Ukisahau, kanyago la kwanza litakwenda mpaka chini. Kisha, ili pedi mpya zizoeane na diski, tafuta barabara tupu, kimbia 60, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama, rudia mara nane hivi ukiziachia zipoe katikati. Mbao zisubiri kesho.