Tagi ya kulungu Iowa: uzoefu wangu kuanzia porini hadi kwenye friza

Waswahili tunaoishi Iowa, Marekani, ikifika Oktoba, tunaulizana sana habari za kuwinda kulungu, na maswali karibu yote ni ya bunduki: ipi nzuri, nani anauza, bei gani. Bunduki ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe inaanza mnyama akishaanguka, maana tangu hapo hadi anaingia kwenye friza kila hatua ina sheria yake. Kwa hiyo bunduki naiacha. Nitaeleza nilivyoiona huduma yenyewe: leseni ya jimbo, tagi zake, kuripoti, na bucha la kukata nyama. Mimi niko Davenport, ukingoni mwa mto Mississippi. Ng'ambo ni jimbo la Illinois, na huo mto una mambo yake, nitafika huko.

Kununua leseni hakuna shida. Ukishaishi Iowa siku 90 mfululizo, na hapa ndipo nyumbani kwako hasa, unahesabiwa mkazi, na mkazi analipa kidogo. Asiye mkazi anaingia kwenye bahati nasibu, na wengine wanasubiri miaka. Aliyezaliwa baada ya 1 Januari 1972 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji salama. Walio kwenye viza za muda, wanafunzi kwa mfano, wawe macho: sheria ya shirikisho inawakataza kushika bunduki, isipokuwa kwa vigezo maalumu, kimojawapo kuwa na leseni halali ya uwindaji. Leseni kwanza, bunduki baadaye. Usigeuze.

Sasa tagi. Ukinunua leseni ya kulungu unapewa na tagi ya kusafirishia, kikaratasi chenye jina lako na namba. Ukishampata mnyama aliyekufa una dakika 15 za kuifunga kwenye mguu kama hana pembe, au kwenye pembe kama anazo, au uifunge kabla hujamsogeza hata hatua moja, lolote litakalotangulia. Ifungwe ionekane, na isiweze kutoka bila kuharibika. Mimi hutumia ile mikanda ya plastiki ya mafundi umeme ya kukazia nyaya, juu ya kiungo cha mguu wa nyuma, ili isivuke ukwato wakati wa kuburuta. Vidole vinakufa ganzi kwa baridi ya Desemba, na glovu huwezi kufungia mkanda, kwa hiyo weka kila kitu mfuko mmoja wa nje na kalamu yake. Dakika 15 zinatosha kabisa, alimradi huanzi kwa kupiga picha.

Kitu kilichonishangaza ni uwindaji wa kundi. Katika msimu wa shotgani Iowa inaruhusu watu wawinde pamoja, wengine wakiswaga vichakani na wengine wakingoja mbele, na kulungu aliyeangushwa na mmoja anaweza kuwekewa tagi ya mwenzake. Ila mwenye tagi awe yumo kwenye msako wenyewe. Yuko nyumbani anatazama mpira na tagi yake kakuazima? Hiyo ni kesi. Nimewahi kuombwa hivyo na mtu ninayemheshimu. Nikamwambia, "Mzee, vaa koti la rangi ya chungwa tuondoke wote." Alicheka, lakini alikuja.

Kwa sisi Waislamu lipo swali la kuchinja, na sheria ya hapa inaligusa bila kukusudia. Kichwa, pamoja na pembe kama zipo, lazima kibaki kimeshikamana na mwili wakati wote wa kusafirisha, mpaka nyama ichakatwe au kichwa kiende kwa mtengeneza vichwa vya ukutani. Kupitisha kisu kooni hakuna anayekukataza. Kukitenganisha kichwa ndiko kosa. Kwa hiyo natamka bismillahi kabla ya kufyatua, na nikimkuta bado ana uhai namchinja kama kawaida, nasimama hapo. Matumbo yanatolewa palepale porini, kwa maana nyama ikikaa na joto la tumbo inaharibika hata kwenye theluji.

Halafu ripoti. Mwisho ni saa sita usiku wa siku inayofuata ile uliyofunga tagi, lakini iwe kabla ya kumpeleka buchani, kabla ya kuanza kumkatakata kwa ajili ya kula, na kabla ya kumtoa nje ya jimbo. Watu wanashika ile saa sita usiku tu na kusahau hayo mengine. Ipo programu ya simu, ipo tovuti, ipo namba ya kupiga. Unajibu maswali machache, unapewa namba ya uthibitisho, unaiandika kwenye tagi ya pili, ya ripoti, nayo inakaa juu ya mnyama. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Hakuna ofisi, hakuna foleni, hakuna "njoo kesho, bosi katoka".

Njiani kuna askari wa wanyamapori. Nilisimamishwa jioni moja, kulungu yuko nyuma ya pikapu, na moyo ulinienda mbio kwa sababu ya kule nilikotoka. Mimi mtu wa Tanga. Nimekua nikisikia kwenye redio habari za waliofungwa miaka mingi kwa kukutwa na nyara za Serikali, na mara nyingi ilikuwa paja la mnyama tu ndani ya kiroba. Kwa rafiki zangu Wakenya ndiyo kabisa, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Yule askari alimulika mguu, akasoma tagi, akatazama kichwa, akaomba leseni, akanitakia usiku mwema. Hapo ndipo nilipokielewa hicho kikaratasi. Kinakujibia mbele ya dola kama hati ya kiwanja.

Sasa mto. Nina ndugu zangu Wakongo pale Moline, dakika chache ukivuka daraja, na nyama ikipatikana lazima watu wale. Kumbuka daraja lile ni mpaka wa majimbo. Kuna sheria ya shirikisho ya tangu 1900, Lacey Act, inayolifanya kosa la kuvusha mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria kuwa la shirikisho. Na kuna ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo, usio na tiba, ulioonekana mara ya kwanza kwa kulungu wa porini Iowa mwaka 2013, kaunti ya Allamakee. Kwa sababu yake majimbo mengi hayataki ubongo wala uti wa mgongo uingie kutoka nje. Haujathibitika kumpata binadamu, lakini wataalamu wanashauri usile mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Mimi navusha mnofu mtupu, bila mfupa, ukiwa na karatasi yenye jina langu, namba ya tagi, tarehe na saini. Navusha kama zawadi. Kuuza nyama hiyo ni marufuku, hata kwa jirani, hata "nipe tu hela ya mafuta".

Bucha ndilo lililoniangusha. Silitaji jina. Nililipa karibu dola 150. Kazi ya kisu ilikuwa safi, vipande vimefungwa vizuri, tagi waliisoma na kunakili namba kabla ya kunigusia bei, hapo nawapongeza. Lakini niliagiza na soseji, na hakuna aliyeniambia, mpaka nilipouliza mwenyewe siku ya kuchukua, kwamba kulungu hana mafuta kwa hiyo wanachanganya na mafuta ya nguruwe. Zaidi ya hapo, soseji zinatengenezwa kwa mkupuo, nyama za wawindaji kadhaa pamoja. Ndivyo ilivyo desturi ya mabucha mengi huku. Niliziacha palepale. Ukitaka nyama yako na ya kwako tu, agiza minofu mizima, kisha saga nyumbani kwa mashine yako, uongeze mafuta ya ng'ombe.

Friza ikijaa kuna mpango wa jimbo unaoitwa HUSH. Unampeleka kulungu mzima kwenye bucha lililojiunga, hulipi kukatiwa, nyama inasagwa na kwenda kwa wenye uhitaji. Hata huyo lazima awe na tagi na awe ameripotiwa.

Leseni na tagi nazipa nyota tano. Bucha nyota mbili, na hizo ni za kisu. Mkitaka leseni za majike, zile za kaunti, nunueni mapema; kila kaunti ina idadi yake, na zikiisha zimeisha.