Nimenunua fungu la Drum za zamani: zina thamani ya hela yake?

Naanza na bei, ili anayeishia kwenye bei aishie hapa. Fungu langu la Drum, lile jarida la picha lililoanzia Afrika Kusini, toleo la Afrika Mashariki, nakala za miaka ya 1960 na 1970, pamoja na kitabu kimoja kikubwa cha kurasa na picha zilizotoka kwenye Drum ya Johannesburg, limenigharimu laki mbili kasoro, na nauli ya mzigo kwenye basi nikalipa mimi. Muuzaji alianzia laki tatu. "Dada'angu, hizi hazichapwi tena," akaniambia kwenye simu. Nikamjibu, "Kaka, na wanunuzi wake nao hawazaliwi tena." Akacheka, akashusha.

Hali ya mzigo ni nusu kwa nusu. Karatasi imeshakuwa ya manjano, pini zimepata kutu na kuacha madoa, na ukifungua unapiga chafya kwanza ndipo usome. Hayo niliyategemea. Ambacho sikukitegemea ni kurasa za katikati kunyofolewa kwenye nakala kadhaa, na majalada kukatwa kwa mkasi, bila shaka wale mabinti wa jalada walihamia ukutani kwa kijana fulani enzi hizo. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba zimekamilika. Nilipompigia akasema hata yeye aliuziwa hivyo hivyo. Sitamtaja, maana kitabu alichonipa kilikuwa kizima na ndicho kilichookoa biashara yote.

Nilikuwa natafuta kumjua mwenye jarida. Nilishasikia kwamba Drum ilimilikiwa na rubani wa vita vya pili vya dunia, nikawa najiuliza mtu anatokaje kwenye ndege ya kivita hadi kwenye jarida la mijini la Waafrika, tena Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwenyewe ni Jim Bailey, aliyezaliwa mwaka 1919, mtoto wa Sir Abe Bailey, mmoja wa matajiri wakubwa wa dhahabu wa Johannesburg. Mama yake, Mary Bailey, naye alikuwa rubani, na hapa mtu wa Tabora mwenzangu akae vizuri: mwaka 1928 mama huyo alirusha ndege ndogo aina ya Moth kutoka London kwenda Cape Town, akaanguka nayo Tabora. Akatoka salama, mumewe akampatia ndege nyingine, akaendelea na safari. Nimekulia Tabora, nimesimuliwa habari za reli, za watumwa, za shule ya wavulana alikosoma Nyerere, lakini hii hakuna aliyewahi kunisimulia.

Mtoto wa mama wa namna hiyo, vita vilipoanza, angekwenda wapi kama si angani? Bailey alirushia jeshi la anga la Uingereza, akawemo kwenye mapambano ya mwaka 1940 juu ya anga ya Uingereza. Ndege mojawapo aliyorusha ni Defiant, chombo cha watu wawili ambacho bunduki zake zote zilikuwa nyuma ya rubani, kwenye kibanda kinachozunguka, na rubani mwenyewe hana hata risasi moja ya kufyatua mbele. Wajerumani walipoigundua siri hiyo wakawa wanazijia kwa mbele na kwa chini, vikosi vya Defiant vikateketea. Yeye akapona, akahamia ndege nyingine, akamaliza vita na DFC, nishani ya ushujaa ya marubani.

Jarida hakulianzisha peke yake, na wauzaji wengi wanakosea hapa wanapolinadi. Aliyelianzisha Cape Town mwaka 1951, kwa jina la The African Drum, ni Robert Crisp, na huyo naye ni mwanajeshi mstaafu: aliongoza vifaru Ugiriki na kwenye jangwa la Afrika Kaskazini. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa kriketi wa timu ya taifa ya Afrika Kusini, na Kilimanjaro alishaupanda mara mbili. Bailey aliweka fedha. Jarida lilijaa ngano, historia za makabila na mahubiri, yaani Mwafrika jinsi mzungu mwenye nia njema anavyomfikiria, na halikuuzika. Bailey akalichukua, akalihamishia Johannesburg, akamwita rafiki yake wa Oxford, Anthony Sampson, aliyekuwa baharia wa jeshi la majini na hajui lolote la magazeti, awe mhariri. Wakaenda kuwauliza wasomaji wenyewe. Wasomaji wakawaambia waache habari za vijijini, wawape jazi, ndondi, mabinti, na maisha ya mjini yalivyo.

Ukishaufahamu mwanzo huo, hata nakala za kwetu unazisoma kwa jicho lingine. Toleo la Afrika Mashariki liliandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo mpaka leo linanikera, lakini mpishi ni yule yule: ukurasa mmoja siasa ya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, unaofuata bondia, halafu harusi, halafu kashfa, halafu binti anayetabasamu. Hakuna anayekuhutubia. Nimezoea magazeti ya enzi hizo yanayoanza na hotuba na kumalizia na hotuba, kwa hiyo nilisoma kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nisijute hata senti. Kwenye kile kitabu kuna kazi za Henry Nxumalo, mwandishi wa Drum aliyejulikana kwa jina la Mr Drum. Naye alitoka vitani. Alikuwa sajini Afrika Kaskazini, kwenye jeshi ambalo kwa kanuni zake askari mweusi alibeba machela, alichimba, aliendesha lori, ila bunduki hakupewa. Akarudi nyumbani akakuta pasi zinamsubiri, kwamba hata kutembea usiku kwenye jiji alilozoea anahitaji karatasi ya mzungu. Babu zetu wa KEYA, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka Burma wangemwelewa bila kuongezewa neno.

Machi 1952, jarida lilipotimiza mwaka, Nxumalo alichapisha habari ya mashamba ya viazi ya Bethal. Alijifanya kibarua. Alionyesha jinsi watu walivyosainishwa mikataba wasiyoielewa, wakasombwa mpaka mashambani, wakachapwa na kufungiwa. Habari ile ilisomwa hadi bungeni na serikalini, na miaka saba baadaye, mwaka 1959, watu wa mijini waligoma kula viazi kwa sababu ya mashamba hayo hayo.

Halafu akaamua kuingia jela. Wazo lenyewe ni la kichaa: mwandishi anazunguka Johannesburg akitafuta kukamatwa. Hatimaye wakamkamata kwa kukosa pasi ya usiku, akafungwa siku tano. Alichokiona humo, vipigo, na wafungwa kuvuliwa nguo zote na kulazimishwa kurukaruka uchi uani ili wakaguliwe, kilitoka kwenye toleo la Machi 1954. Picha ilipigwa na Bob Gosani kutoka juu ya paa la nyumba ya wauguzi jirani na jela. Ili wasishtukiwe walijifanya wamepanda kumpiga picha mwanadada. Picha hiyo imo kitabuni, kubwa, kurasa zote mbili, na nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka. Mfungwa yuko hewani, mikono juu, askari amesimama anamwangalia kama mtu anayekagua mzigo.

Mkesha wa mwaka mpya wa 1957 Nxumalo alichomwa visu, akafa, akiwa anafuatilia habari ya daktari aliyekuwa akitoa mimba. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Kwa hiyo ukiniuliza mwanajeshi wa jarida hili ni nani, Bailey au Nxumalo, mimi nimeshachagua. Mmoja alikuwa na urithi wa dhahabu wa kumdaka akianguka. Mwingine alikwenda Bethal na jela akiwa na ngozi yake tu. Ila siwezi kumfuta Bailey, kwa sababu miaka mingi jarida lilikula hasara na ni mfuko wake uliolibeba, na ni yeye aliyekubali kuchapa vitu ambavyo matajiri wenzake wasingegusa. Nadhani vita vilimwachia ile tabia ya kupenda hatari. Kikwazo ni kwamba hatari alipenda aichague yeye.

Wahariri walilijua hilo. Sylvester Stein aliondoka baada ya Bailey kukataa picha ya jalada ya Althea Gibson, mcheza tenisi mweusi wa Marekani aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon mwaka 1957, akibusiana na mpinzani wake mzungu. Busu la shavuni, baada ya mechi! Tom Hopkinson aliyefuata, mzoefu wa magazeti ya picha kutoka London, naye alivutana na mwenye mali. Hata hivyo ni chini ya Hopkinson ambapo mpiga picha wa Drum, Ian Berry, alikuwepo Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, polisi walipoua watu 69 waliokuwa wakipinga pasi.

Mambo mawili ambayo picha nzuri zisikusahaulishe. La kwanza ni matangazo: krimu za kujichubua, vidonge vya kusafisha damu, dawa za nguvu. Habari inakuambia simama wima, tangazo la pembeni linakuuzia ngozi nyeupe. La pili ni Dolly, ukurasa wa ushauri wa mapenzi, ambao kwa kweli ndio niliousoma wa kwanza kwenye kila nakala. Barua ni tamu, majibu ni makali, na nyuma ya jina hilo la kike, huko Johannesburg, walikuwa wanaume wa chumba cha habari wakijibu huku wakipokezana. Ukishajua, unaona kabisa jinsi dada anayelalamikia mumewe anavyoambiwa avumilie. Wanawake wamejaa kwenye majalada, kwenye orodha ya waandishi unawatafuta.

Mwaka 1984 Bailey aliiuza Drum kwa kampuni ya Waafrikaner iliyokuwa karibu na chama cha serikali ile ile ya ubaguzi. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Hazina ya picha alibaki nayo, akaitunza Johannesburg, na ndiyo iliyozaa vitabu vya kurasa za Drum kuhusu Kenya, Uganda na Tanzania. Alifariki mwaka 2000.

Alama zangu: nakala za toleo la Afrika Mashariki nazipa tatu kwa tano, kwa sababu ya kurasa zilizonyofolewa na bei isiyolingana na hali yake. Kitabu nakipa tano. Kama fedha ni ya kubana, achana na nakala moja moja, tafuta kitabu. Mwanafunzi wa uandishi wa habari akisome mapema. Mtu anayetaka pambo la sebuleni anunue nakala, lakini aulize majalada.

Na ukinunua kwa simu, mwambie muuzaji akupigie picha ya kurasa za katikati, pini zikionekana, na ukurasa wa Dolly, maana huo nao watu huuchana. Akikwambia simu yake haina kamera nzuri, msubiri aazime. Huyu wangu ananiahidi fungu jingine kutoka Nairobi, anasema hizo zimekamilika. Nimemwambia atume picha kwanza.