Git kwa vitufe au kwa skripti: uzoefu wangu na git gui, gitk na git bisect

Ninatunza programu ya mauzo ya maduka ya jumla, na msimbo wake wote unahifadhiwa kwa Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Git hutumika kwa amri za teminali (dirisha la kuandikia amri), ambazo zinaweza kupangwa katika skripti zikajiendesha zenyewe, au kwa zana zenye madirisha na vitufe kama git gui na gitk, ambazo ni za bure. Wenzangu wengi hushika upande mmoja na kuutetea. Mimi huangalia kwanza kama uamuzi unahitaji jicho la mtu.

Kupanga mabadiliko kabla ya kuyahifadhi kunalihitaji. Baada ya asubuhi nzima ya kuandika, faili moja huwa na marekebisho ya hesabu ya kodi, marekebisho ya risiti, na mistari ya majaribio isiyotakiwa kubaki. Katika git gui ninaiona mistari iliyoongezwa na iliyofutwa kwa rangi tofauti, ninaiteua ninayoitaka kwa kipanya, na mingine inasubiri. Amri ya "git add -p" hufanya kazi hiyohiyo kwa kuuliza kipande kwa kipande, lakini mistari inapobanana hulazimu kuhariri kwa mkono, jambo linalochosha na ambalo ni rahisi kulikosea.

Kusaka chanzo cha hitilafu ni kazi ya aina nyingine kabisa, na hapa ndipo Git iliponifurahisha zaidi. Jumla ya ankara ilipoanza kupishana kwa senti chache na jumla ya bidhaa, tulijua toleo la zamani lililokuwa sahihi, lakini kati yake na la sasa kulikuwa na mamia ya mabadiliko. Amri ya "git bisect" huyagawa nusu kwa nusu: hujaribiwa toleo la katikati, kisha nusu isiyo na chanzo cha kosa huachwa, hivyo hata mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio kama 10 tu. Niliandika skripti fupi inayokokotoa ankara moja na kurudisha 0 jumla ikiwa sahihi, 1 ikiwa na kosa, na 125 toleo lisipojengeka, yaani msimbo wake usipoweza kugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa, namba ambayo Git huichukulia kuwa ishara ya kuliruka toleo hilo. Kisha nikaiachia "git bisect run", amri inayoiendesha skripti kwa kila toleo linalojaribiwa. Ilisimama kwenye badiliko lililofanya kodi ya kila bidhaa ikadiriwe desimali kabla ya kujumlishwa.

Skripti hiyo haisaidii kosa likiwa la mwonekano, kwa mfano maandishi ya risiti yanapopandana. Hapo ninatumia "git bisect" bila skripti, ninalitazama kila toleo na kulitaja kuwa zuri au baya, na kwa "git bisect visualize" gitk hunichorea mabadiliko yaliyobaki kushukiwa. Madirisha ya zana hizi yana sura ya kizamani, ila hufunguka upesi. Anayetumia Ubuntu au Debian, mifumo ya Linux, aweke pakiti za git-gui na gitk, kwa kuwa haziji pamoja na pakiti ya git.