Kiraka cha gego: mwanangu alivyotibiwa meno bila sindano wala mashine

Kilichonishtua ni muwa. Mwanangu, miaka mitano, anapenda muwa kuliko wali, lakini siku ile alitafuna mara moja akautema, akashika shavu. Nilipomfungua mdomo juani nikaona magego mawili ya chini yametoboka, na jino moja la mbele juu lina mmomonyoko wa kahawia karibu na ufizi.

Pa kwanza nilipompeleka, jirani na nyumbani, walimmulika kwa tochi ya simu, wakasema hayo ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe. Kama yanamsumbua, wayang'oe yote matatu siku hiyo hiyo. Gego la nyuma la utoto hukaa mdomoni mpaka mtoto afike miaka kumi, kumi na moja hivi, nalo ndilo linaloshikilia nafasi ya jino la ukubwa linalokuja chini yake. Siku ile sikulijua hilo. Nilimwangalia mtoto alivyokodoa macho kwenye ile trei ya koleo, nikamshika mkono tukaondoka.

Jirani yangu hapa Usa River ndiye aliyenielekeza kliniki ya meno mjini Arusha inayotibu watoto bila kuchoma sindano. Jina silitaji, maana naandika kuhusu tiba yenyewe, na daktari aliniambia si wao peke yao wanaoitoa. Tulipanda kifodi asubuhi mapema na saa tatu tulikuwa kwenye benchi.

Daktari, mama wa makamo, aliitikia shikamoo ya mwanangu, "Marahaba, baba," akamkalisha kwenye mapaja yangu badala ya kumpandisha kwenye kile kiti kikubwa. Akaniuliza kama mtoto huamka usiku analia jino. Nikasema hapana, huumia akila kitamu au baridi tu. Akasema afadhali, kwa sababu jino linalomwamsha mtoto usiku mara nyingi ubovu umeshafika kwenye neva, na tiba aliyoifikiria haiponyi jino la hivyo. Ndipo akaniuliza tunakunywa maji gani, na mswaki anapigia dawa ipi.

Hapo nilijibu kwa kujiamini. Sisi watu wa huku floraidi tunaijua kwa macho. Nani Arusha hana ndugu mwenye meno ya rangi ya chai? Ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia kwenye chemchemi na mito yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu zaidi ya hapo vijijini, kwa sababu maji mengine yalikuwa hayapatikani. Pale Ngurdoto serikali ina kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mimi mwenyewe nina madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele tangu utotoni, na nimecheka nikifunika mdomo kwa kiganja mpaka nikawa mama wa watu. Kwa hiyo nilipompata huyu mtoto niliapa kwamba floraidi haitamgusa. Anakunywa maji ya mvua tuliyokinga, na kiangazi nanunua ya dukani. Magadi nikayaondoa kwenye maharage na makande, mama mkwe akanuna mwezi mzima, ingawa watafiti wa meno walishayapima magadi ya huku kaskazini na kukuta floraidi nyingi. Na dawa ya mswaki nikamnunulia ile ya watoto yenye ladha ya stroberi, iliyoandikwa haina floraidi, bei mara mbili ya dawa ya kawaida.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, kwenye maji umefanya vizuri sana," akasema. "Kwenye dawa ya mswaki ndipo ulipopotea."

Akanieleza, na hili naliandika kwa kirefu kwa ajili ya wazazi wenzangu wa Meru na Arumeru wenye hofu kama yangu. Madoa yanatokana na floraidi nyingi inayomezwa wakati meno ya ukubwa bado yanajengwa ndani ya taya. Floraidi inayopakwa juu ya jino lililokwisha kuota ina kazi nyingine. Bakteria walio kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa tindikali, tindikali inayeyusha madini ya jino, mate yanayarudisha, na floraidi ikiwepo husaidia madini yarudi yakiwa na nguvu zaidi ya kuhimili tindikali. Alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki mstari wa hali ya mdomo: ukila biskuti unashuka, unakaa chini, halafu unapanda polepole kwa nusu saa au zaidi. Mtoto anayepewa kitu kitamu kila saa, mstari wake haupati nafasi ya kupanda. Mimi ni fundi cherehani. Mtoto akilia nikiwa na nguo ya mteja mkononi, nampa pipi ya kijiti. Niliutazama ule mstari nikaiona meza yangu ya kazi.

Sasa anapiga mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya kawaida ya floraidi, ya 1,000 au zaidi kwa kipimo cha ppm kinachoandikwa kwenye boksi, kiasi cha punje ya njegere. Asiyefika miaka mitatu apewe punje ya mchele. Namsimamia mimi mwenyewe, anatema, hamezi.

Nilipofika nyumbani nikatafuta zaidi, nikakuta historia ya floraidi ilianzia kwa watu wenye meno kama yangu. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alihamia Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Aliifuatilia miaka mingi, na akagundua kwamba meno yale yenye madoa hayaozi kirahisi. Mwaka 1931 ndipo ikajulikana ni floraidi kwenye maji, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuitia kwenye maji yake kwa kiasi kidogo kilichopimwa. Nilisoma hayo saa tano usiku kwenye simu, mume wangu amelala, nikajitazama meno kwenye kioo cha kabati.

Turudi kwenye tiba. Siku ya kwanza ilikuwa ya dawa ya fedha. Ni maji yenye madini ya fedha na floraidi pamoja: fedha inaua bakteria, floraidi inakaza jino. Wajapani ndio walioanza kuitumia, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Daktari alimpaka mtoto vaselini midomoni, akalikausha jino kwa pamba, akachovya kijiti chenye brashi ndogo na kulisugua kwa dakika moja. Basi. Akaenda jino la pili, la tatu. Mwanangu alikunja uso kwa sababu ya ladha, alisema ni kama kulamba funguo, lakini hakulia. Nimeona mtu mzima akilia kwenye kiti cha meno. Mtoto wangu alishuka akaomba kupaka na yeye.

Daktari hakuniahidi muujiza. Alisema si kila tundu linasimama. Nilikuta tafiti za watoto zilizojumlishwa pamoja mwaka 2016, ambako matundu kama 81 kati ya 100 yalisimama kuoza kwa dawa hii ya fedha yenye ukali wa asilimia 38. Inapakwa tena baada ya miezi sita. Tangu 2021 ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Na hapa ndipo nina lawama. Sehemu iliyooza inageuka nyeusi, na haitakati. Daktari alilisema hilo, lakini kwa sentensi moja, brashi ikiwa imeshalowa. Mimi nilidhani ni weusi wa siku mbili. Jino la mbele la mwanangu sasa ni jeusi kama kaa, baba yake alipoliona alifikiri nimempeleka kwa mganga, na shuleni kuna wiki aliitwa jina baya. Kwa mama mwenye meno kama yangu, jambo hilo si dogo. Ningeonyeshwa picha kwanza, nikapewa dakika tano za kufikiri, kwenye magego ningekubali bila wasiwasi. Kwa jino la mbele ningeuliza kama kuna njia nyingine. Tone moja lilimwagikia mkono wangu pia, doa likakaa wiki nzima kabla ya kutoka. Mkirudi nyumbani, shuka jeupe liwekeni mbali.

Wiki mbili baadaye tukarudi kwa viraka. Huduma hii ningeipa nyota tano peke yake. Hakuna mashine, hakuna ganzi, hakuna ule mlio unaotisha hata wanaosubiri nje. Daktari alikuwa na vifaa vya mkono tu, kimoja kama kijiko cha mwanasesere, akakwangua uozo laini taratibu mpaka akafika pagumu. Kisha msaidizi akakoroga unga na maji yake kwenye kipande cha karatasi, ikawa kama uji mzito, daktari akajaza tundu na kukandamiza kwa kidole alichokipaka vaselini. Saruji hiyo inashika jino bila kuchongewa mlango mpana, na inaendelea kutoa floraidi kidogo kidogo ikiwa mdomoni. Magego mawili, kama dakika arobaini. Asile kitu kwa saa moja.

Nilimuuliza daktari Wazungu wanafanyaje hii. Akacheka. "Hii imezaliwa kwetu, mama." Kumbe kweli. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye chuo cha meno pale Dar es Salaam, walikuwa na vifaa vya kubebeka vya kwenda vijijini, na kila mara umeme au mashine vikawaangusha. Mholanzi aitwaye Jo Frencken na wenzake wakaamua kukwangua kwa mkono na kuziba kwa saruji. Baadaye ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaipitisha. Leo inafanyika dunia nzima. Halafu mimi, Mtanzania, karibu na mlango wangu naambiwa wang'oe yote matatu. Hili limenikaa moyoni. Mimi nguo ikitoboka goti siitupi, naitia kiraka, mtoto anaivaa mwaka mwingine.

Kuhusu uimara: gego lenye tundu la juu tu, kiraka kipo imara mpaka leo, mwezi wa tano huu tangu kiwekwe. Lile lililoliwa mpaka ubavuni, kiraka kilibanduka mwezi wa nne baada ya kuwekwa, akila mahindi ya kuchoma. Daktari alikuwa amenionya kwamba tundu la pande mbili ndilo lenye shida hiyo. Walikirudishia bila malipo, sikusubiri hata nusu saa. Muwa anautafuna tena, nampa baada ya chakula, si wa kutembea nao kutwa.

Gharama yangu: kumwona daktari 10,000, dawa ya fedha kwa meno yote matatu 15,000, viraka 30,000 kila kimoja. Jumla 85,000, karibu magauni matatu ya kushona.

Na mimi alinikagua, bila kunitoza. Meno yangu ya mbele yamekuwa membamba ukingoni na yanasisimka kwa maji baridi. Sina tundu hata moja. Ni tindikali ya moja kwa moja, isiyohitaji bakteria: limao na chumvi ninavyofyonza tangu shule ya msingi, na juisi ya ukwaju ninayoisukutua mdomoni kabla ya kumeza. Kilicholika hivyo hakioti tena. Akaona pia pengo dogo kwenye ncha ya jino moja, akauliza, "Unakata uzi kwa meno?" Miaka kumi na sita. Akasema limao nipunguze, ukwaju ninywe na chakula, nikimaliza nisuuze kwa maji, mswaki baadaye.

Nyota nne. Ya tano nitaiweka siku watakapobandika ukutani picha ya jino jeusi.

Kwa atakayekwenda: watoto ni Jumanne na Alhamisi, fikeni kabla ya saa tatu, mtoto awe ameshakula, avae shati la zamani. Sisi tunarudi Novemba kupakwa tena. Mkasi mdogo nimeufunga kwa utepe kwenye cherehani.