Sinterklaas na Ded Moroz: wazee wawili wa zawadi, asili mbili

Ukiwaweka bega kwa bega utadhani ni ndugu: ndevu nyeupe, joho refu, fimbo mkononi. Asili zao hazikutani kabisa.

Sinterklaas wa Uholanzi ametokana na mtu aliyeishi: Nikolao, askofu wa Myra (leo Demre, Uturuki), karne ya 4. Simulizi iliyomjengea jina ni ya baba fukara mwenye binti watatu waliokosa mahari (huko ilitolewa na wazazi wa binti, si na muoaji). Nikolao akawarushia dhahabu dirishani usiku. Ndiyo maana zawadi zake bado huingia kwa siri. Sinterklaas huwasili kwa meli katikati ya Novemba. Tangu hapo watoto huacha kiatu karibu na meko, ndani yake karoti ya farasi wake. Usiku wenyewe ni tarehe 5 Desemba, mkesha wa sikukuu ya Nikolao, kwa hiyo anayemsubiri tarehe 25 ameshachelewa. Jina Santa Claus limetoka kwake.

Ded Moroz wa Urusi hana kaburi wala sikukuu ya kanisa. Ni baridi kali ya ngano za Waslavi iliyopewa umbo la mzee, na zamani aliogopwa. Wakomunisti walimpiga vita yeye na mti wa Krismasi, kisha Desemba 1935 barua ya Pavel Postyshev, kiongozi wa Kikomunisti, katika gazeti la Pravda ikaurudisha mti, safari hii ukiwa mti wa Mwaka Mpya. Mzee akarudi nao, pamoja na mjukuu wake Snegurochka. Ded Moroz hajifichi: mtoto humkariria shairi mbele ya mti, ndipo apewe zawadi.