Donati Bila Yai Wala Maziwa: Tathmini ya Duka Moja na Jinsi Nilivyolipata

Tangu nilipoacha kula nyama, samaki, mayai, maziwa na asali, chakula ambacho moyo wangu ulikikumbuka kuliko vyote ni donati. Mbadala wa nyama niliupata mapema, jibini nikalisahau kabisa, lakini kila nilipopita mbele ya duka la mikate asubuhi, harufu ya hamira ikanifikia barabarani, nilijua kwamba kilichopangwa ndani ya kabati la kioo hakikuwa changu. Ndiyo maana naandika tathmini hii kwa kirefu. Nimepata duka linalokaanga donati za vegani, yaani zisizo na chochote kitokacho kwa mnyama, ambazo ningempa mgeni yeyote bila kumtolea maelezo, na njia iliyonifikisha hapo imenifundisha jambo moja ambalo sasa nalitumia kila ninapotafuta mahali pa kula: mahali hupimwa kwa namna muuzaji anavyojibu swali, kabla hata hujaonja chakula chake.

Nilianza kutafuta kwa HappyCow, saraka ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 1999, ambayo huorodhesha migahawa na maduka ya vyakula katika nchi nyingi duniani na kuyatenganisha yale yasiyouza chochote kitokacho kwa mnyama, yale yasiyouza nyama lakini yanayotumia maziwa na mayai, na yale ya kawaida yenye vyakula kadhaa vya mimea. Mgawanyo huo ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu watu wengi bado huchanganya makundi hayo mawili ya mwanzo, na mtu anaweza kusafiri mwendo mrefu akaishia kuletewa keki ya krimu. Walaji wenyewe ndio wanaoandika maoni na kuweka picha, hivyo mara nyingi unaiona sahani kabla hujatoka nyumbani. Ushauri wangu ni kutazama kwanza tarehe ya maoni. Mgahawa ukibadilisha mpishi, siagi inaweza kurudi jikoni pasipo mtu kutangaza, na sifa zilizoandikwa miaka mitano iliyopita zikabaki zikimsifu mtu ambaye hayupo tena. Isitoshe, orodha ya namna hiyo hutegemea watu walio karibu na mahali husika: penye walaji wengi wa mimea hujaa, na penye wachache huwa na majina mawili matatu tu. Hapo hakuna budi ila kutembea na kuuliza.

Duka la kwanza nililoingia kwa kutembea na kuuliza sitalitaja jina. Mbele ya sinia la donati palikuwa na kibao kidogo kilichoandikwa “vegani” kwa mkono, nami nikafurahi kuliko ilivyostahili. “Samahani kaka,” nikamuuliza muuzaji, “hii aisingi ya juu imetengenezwa kwa nini?” “Ni sukari tu, dada,” akanijibu, na uso wake ulionyesha kwamba anaamini anachosema. Nilikuwa nimekwisha kula nusu pale mwenzake alipotoka jikoni, akasikia mazungumzo yetu, na kueleza kwa upole kwamba lililobadilishwa ni donge pekee. Aisingi bado inakorogwa kwa maziwa kama siku zote. Hakuna aliyekusudia kunidanganya, na sikugombana na mtu. Niliiacha ile nusu mezani na kuondoka nikiwa na huzuni, kwa sababu duka lilikuwa limefanya sehemu ngumu ya kazi kisha likaharibu kwenye sehemu rahisi kuliko zote. Sukari ya unga na matone ya maji vingetosha.

Tangu siku hiyo nimejizoeza kuitazama donati kama kitu chenye sehemu nne, na kuuliza kuhusu kila moja: donge, kilichojazwa ndani, kilichopakwa juu, na mafuta ya kukaangia. Kwenye donge la kawaida huwamo maziwa, mayai na siagi, na kila kimoja kina kazi yake. Kiini cha yai kina lesithini inayofanya mafuta na maji yakae pamoja, na protini za yai huganda kwa joto zikashika umbo la donati. Maziwa hulainisha na kusaidia ule wekundu wa ngozi ya nje. Hamira haina tatizo lolote, kwani ni aina ya kuvu na si mnyama, ingawa nimeshakutana na wahudumu waliodhani kwamba siruhusiwi kuila. Kilichojazwa ndani kikiwa jemu ya matunda mara nyingi hakina shida. Kikiwa krimu, karibu kila mara kina maziwa na mayai. Juu ndipo penye mitego midogo midogo. Rangi nyekundu yenye namba E120 hutokana na wadudu, mng’ao wa zile chembe za rangi unaweza kuwa shelaki, yaani E904, ambayo ni utomvu unaotolewa na mdudu, na E471, kiungo kinachofanya mafuta na maji yachanganyike, inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya wanyama bila lebo kusema ni ipi. Halafu kuna mafuta ya kukaangia, ambayo hayaonekani kwenye kibao chochote. Donge lisilo na yai wala maziwa likizamishwa katika mafuta ya nguruwe au ya ng’ombe halina tena haki ya kuitwa vegani, na kuna majiko yanayoyatumia kwa sababu hustahimili joto na kuacha ladha nzito.

Mtu ataniuliza kwa nini nisiombe tu orodha ya vizio, yaani vitu vinavyowaletea watu mzio. Naiomba, na ndiyo karatasi ya kwanza ninayoisoma. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria inataka vizio 14 vitajwe, yakiwemo maziwa na mayai, hata kwa chakula kisichofungashwa, na karatasi hiyo imeniepusha na makosa mengi. Hata hivyo, ni nusu ya jibu. Asali, jelatini, mafuta ya nguruwe na ile E120 havimo katika orodha hiyo, kwa hiyo chakula kinaweza kuonekana safi kwenye karatasi na bado kikawa na kitu cha mnyama. Nalisisitiza pia upande wa pili: mwenye mzio wa maziwa asiliegemee neno “vegani” peke yake, kwa kuwa neno hilo linaeleza kilichokusudiwa kutiwa ndani, wala halitoi ahadi kwamba kijiko au meza havikuguswa na maziwa. Kwangu mimi chembe iliyorushwa kwa bahati mbaya ni jambo dogo. Kwake yeye inaweza kuwa hatari ya maisha.

Sasa nije kwenye duka lenyewe. Ni duka dogo la mikate ambalo halijiiti la vegani. Huuza pia mikate na keki za kawaida, na donati za mimea huwekwa kwenye rafu ya juu kabisa, ili makombo ya nyingine yasizidondokee. Mpangilio huo niliuona kabla sijasema neno, na ulinipa matumaini. Mwenye duka ni mama wa makamo. Nilipomwuliza, “Samahani mama, donati hizi zinakaangwa kwa mafuta gani?” hakunijibu kwa mdomo. Alifuta mikono, akaingia jikoni, akarudi na dumu la mafuta ya alizeti na pakiti ya majarini, akaviweka juu ya kaunta mbele yangu. “Soma mwenyewe mwanangu,” akasema, “herufi za hapo nyuma ni ndogo mno kwa macho yangu, na mimi nisingependa kukuambia kitu nisichokuwa na hakika nacho.” Kwenye pakiti palikuwa na alama ya alizeti ya The Vegan Society, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1944, ambacho wanachama wake wa mwanzo ndio waliolibuni neno lenyewe la vegani. Majarini nyingi zimetiwa unga wa maziwa au majimaji ya jibini, kwa hiyo niligeuza pakiti na kusoma mstari kwa mstari. Havikuwemo.

Alinieleza kwamba donati za mimea ndizo anazozikaanga mwanzo kila asubuhi, katika karai lake peke yake. Maziwa anayotumia ni ya soya, na sababu aliyonipa ilikuwa ya mtu aliyejaribu na kukosea mara nyingi: maziwa ya mchele yalikuwa mepesi, donati zikatoka zimepauka, ilhali ya soya yana protini ya kutosha kuzipa rangi. Yai hakulitafutia mbadala wowote kwenye donge la hamira. Badala yake analiacha donge liumuke polepole usiku kucha ndani ya friji, na asubuhi linakuwa na nguvu za kushika umbo.

Ile ya kawaida, yenye aisingi nyembamba ya sukari, ndiyo iliyonifanya nirudi. Kiunoni ilikuwa na mkanda mweupe uliozunguka pande zote, dalili kwamba donge liliumuka vizuri likaelea juu ya mafuta bila kuzama. Nilipoikata kwa vidole haikukatika kama mkate. Ilivutika, ikaacha nyuzi ndefu laini, na mvuke kidogo ukatoka ndani. Aisingi ilikuwa imekauka kiasi cha kupasuka chini ya meno kama ganda, kisha ikayeyuka. Niliigeuza karatasi iliyokuwa chini yake nikaona doa moja tu la mafuta, lisilozidi ukubwa wa kidole gumba. Hilo ni jambo la kusifiwa, kwani donati hukaangwa kwenye joto la nyuzi 175 hadi 190 za Selsiasi hivi, na mafuta yakipoa chini ya hapo donge huyanywa. Ladha ya siagi haipo, wala sitasema kwamba ipo. Pale ambapo ulimi ulitarajia siagi palikuwa na utamu wa hamira na harufu ya vanila, nami sikuona pengo.

Ya jemu ni nzuri vilevile, na jemu yenyewe ina uchachu unaopunguza uzito wa sukari. Kasoro yake ni kwamba imejazwa upande mmoja, hivyo unapofika upande wa pili unakula donge tupu.

Ya chokoleti sikuipenda. Hii haitumii hamira bali bekingi pauda, ni ya jamii ya keki, na hapo ndipo kukosekana kwa yai kunapoonekana wazi. Ilikuwa kavu, ikavunjikavunjika mkononi, na nyuma ya kakao kulibaki uchungu wa soda. Nilimwambia mama mwenye duka ukweli huo kwa heshima, nikamtajia mbegu za kitani zilizosagwa, kijiko kimoja kwa vijiko vitatu vya maji kwa kila yai, zikiachwa dakika chache mpaka ziwe na utelezi. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya risiti. Kasoro nyingine ni ya muda: donati hizi hazidumu. Za asubuhi zikifika jioni huwa zimeanza kuwa ngumu, na za jana nilizonunua siku moja kwa kuchelewa zilihitaji kupashwa moto ndipo zilike.

Faida nyingine ya duka hili sikuitarajia. Nilimwuliza mama yule ni mgahawa gani unaonunua mikate yake isiyo na maziwa, akanielekeza kwenye mmoja ulio karibu, ambao haukuwa katika orodha yoyote niliyoisoma. Tangu hapo nimeifanya kuwa desturi kumwuliza mwokaji wa mikate anaowauzia, kwa kuwa mpishi anayejisumbua kuagiza mkate usio na maziwa huwa ameshafikiria na mengine. Kule nilikwenda na maswali matatu: msingi wa supu, mafuta yanayomalizia mboga, na kama chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki. Mpishi alikuja mwenyewe mezani. Alisema bila kuficha kwamba supu ya mboga iliyomo kwenye menyu inaanzia kwenye mchuzi wa mifupa, kwa hiyo nisiiagize, lakini nikimpigia simu saa moja kabla ataanzisha sufuria nyingine ya uyoga na mboga. Siku hiyo nilikula maharage yaliyopikwa kwa nyanya na uyoga wa kukaanga, chakula cha kawaida kilichokolea vizuri, na hakukuwa na kitindamlo chochote cha kunifaa isipokuwa matunda. Juma lililofuata nilipiga simu, na supu ikawa tayari. Mgahawa wenye alama kubwa ya jani mlangoni umewahi kunihudumia vibaya kuliko huu usio na alama yoyote.

Kwa anayetaka kwenda kwenye duka la donati, afike mapema na achukue ile ya kawaida, kisha ya jemu ikiwa imebaki. Ya chokoleti naisubiri ibadilike. Jumamosi iliyopita nilifika nikakuta za jemu zimebaki mbili kwenye rafu ya juu. Moja nilimwachia kijana aliyekuwa nyuma yangu, naye akaianza palepale kaunta, bila kuuliza kama ina yai wala maziwa, na kabla ya kuimaliza akawa anaulizia zitakuwa tayari saa ngapi kesho.