Kofia ya Viua ya Mkono: Ipi Ununue, na Mshonaji Kapata Ngapi

Ziweke mezani kofia mbili nyeupe za viua, yaani vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, moja ya mashine na moja ya mkono, na mnunuzi mwenye haraka pale sokoni Darajani, Unguja, hatozitenganisha. Zigeuze ndani. Ya mashine ina uzi wa chini uliotambaa sawasawa mwanzo hadi mwisho, na vitundu vyake vimekatwa, ndiyo maana ikishafuliwa mara kadhaa huanza kutoa ndevu. Kwenye ya mkono, nyuzi za kitambaa husukumwa pembeni kwa ncha ya sindano, kisha kiua kikazungushiwa uzi, mshono ubavuni mwa mshono, hadi kikaze. Ndani utaona vifundo vidogo na mishono isiyolingana sana. Ikilingana mno, tia shaka.

Kwa uimara ya mkono haina mpinzani, ila ina kasoro zake. Kitambaa kisiporoweshwa kabla ya kushonwa hupungua, na kofia iliyokukaa vizuri dukani hukubana baada ya kufuliwa. Bora uchukue iliyolegea kidogo. Wanga mzito huziba viua. Jiki hudhoofisha uzi, kwa hiyo sabuni laini na mikono inatosha, kisha ianikwe juu ya bakuli linalolingana na kichwa.

Sasa bei. Wauzaji wengi watakwambia kofia ya mkono ni ghali. Tupige hesabu. Mshonaji, Pemba au Unguja, hushona nyumbani baina ya kupika na kulea. Tuseme anapata saa tatu kwa siku na kofia inamchukua siku 40: hizo ni saa 120, sawa na siku 15 za kazi za saa nane. Kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi kilichotangazwa Zanzibar mwaka 2024 kilikuwa shilingi 347,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26, siku moja ni kama 13,350. Mara 15 inafika laki mbili, kabla ya kitambaa, uzi, nauli na faida ya duka. Basi kofia ya kazi hiyo ikiuzwa 60,000, punguzo limetoka mfukoni mwa aliyeshona.

Na ya mashine si kwamba haina dhuluma. Nguo nyingi za viwandani hutoka nchi kama Bangladesh, ambako jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza liliporomoka Aprili 24, 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Lakini huko, tangu Desemba 2023, kima cha chini cha kiwanda cha nguo kinajulikana: taka (sarafu ya huko) 12,500 kwa mwezi, kidogo kweli, ila kinaweza kudaiwa. Anayeshona viua nyumbani hulipwa kwa kipande na hana mkaguzi anayebisha hodi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 177 wa mwaka 1996 unataka mfanyakazi wa nyumbani atendewe sawa na mwajiriwa mwengine. Dukani hakuna anayeutaja.

Muulize muuzaji mambo matatu. Mshonaji hulipwa anapokabidhi, au ni mali kauli mpaka kofia iuzike? Uzi na kitambaa ni vya nani, na hukatwa kwenye malipo? Ikipata doa, hasara ya nani? Anayejibu bila kubabaika, nunua kwake hata akizidisha kidogo. Anayesema "hayo sijui, mimi nanunua tu" anakueleza bei yake ilivyopatikana. Na ukibembeleza punguzo, fahamu kwamba duka halikati faida yake. Hushusha malipo ya mshonaji kwa kipande kijacho.

Ukitaka ya Idi, agiza miezi miwili au mitatu kabla, lipa nusu mwanzo na omba nusu hiyo imfikie mshonaji. Oda za Ramadhani hushonwa usiku kwa taa hafifu, na viua vyake utavikuta vimelegea upande mmoja wa kofia.